Mninga Juu ya Theluji

Mkwe wangu alipofika kwangu Mandewa, Singida, alisimama nje ya geti akageuzia uso wake ukutani. Jua la saa saba, mwanaume mrefu, mwekundu kama udongo wa Manyoni, begi refu kuliko yeye begani, anaangalia ukuta. Jirani yangu, mama anayepika chapati mbele ya karakana yangu, aliangua kicheko mpaka chapati moja ikaungua.

"Fundi wee," akaniita, "njoo umwone mkweo! Kabeba heshima yote, wengine hajatuachia hata ya kuchovyea chai."

Sikucheka. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawapeani mikono, hawali sahani moja, hawapokezani kitu mkono kwa mkono. Mmoja anaweka, anasogea, mwingine anachukua. Siku hizi watu wameacha, naona wakwe wanakumbatiana stendi mchana kweupe mpaka nashika kichwa. Mimi sijaacha. Na huyu Mzungu, aliyefundishwa na binti yangu, alikuwa anaishika mila yetu kuliko vijana tuliowazaa wenyewe. Nilisimama mlangoni na randa mkononi nikimtazama mgongo.

"Shikamoo mama," akauambia ukuta.

"Marahaba, mkwe. Pita, mimi nakupisha."

Mimi ni fundi seremala. Marehemu mume wangu alinifundisha kazi, akafa akaniachia karakana ya mabati, benchi moja na binti mmoja. Mwanzoni wateja walikuwa wakinikuta nasukuma randa wananiambia, mama, tuitie fundi. Nawajibu, mnaongea naye. Nimetengeneza vitanda, milango, madawati, majeneza, na yule binti akasoma akawa muuguzi. Hapa hapa Singida akakutana na huyu mwanaume aliyekuja kufanya kazi, wakapendana, wakafunga ndoa, akamchukua akaenda naye kwao, nchi ya kaskazini ambako nusu ya mwaka ardhi inafunikwa theluji.

Na huko ndiko shida ilikoanzia. Baridi ya kwanza tu, mwanangu alitoka nje kwenda dukani, akateleza kwenye barafu mlangoni kwake, akavunjika mkono. Mkono ulipona, lakini hofu haikupona. Theluji ikianguka hatoki tena. Akinipigia simu namwona amekaa dirishani na blanketi, nyuma yake kioo cheupe kitupu. "Mama," aliniambia siku moja, "mimi huku hata ardhi yenyewe siiamini." Halafu akaanza kusema anataka kurudi nyumbani moja kwa moja.

Sitaficha, nilifurahi. Mama gani hafurahi? Nilikipaka rangi chumba chake, nikatengeneza kitanda kipya, nikawa nahesabu kwamba amesharudi.

Mkwe alikuja kwa ajili hiyo. Alikaa nje ya dirisha la karakana kwenye kigoda, mimi nikakaa ndani, tukazungumza hivyo, kila mtu anaangalia kwake. Kiswahili chake ni cha kwetu kabisa, kile cha Singida, maana mwalimu wake ni mwanangu. Alisema kwao watu hawaiogopi theluji kwa sababu hawatembei juu yake kwa viatu, wanateleza kwa mbao mbili ndefu zinazoitwa ski, moja kila mguu. Wanaendea dukani, wanaendea kanisani, wanatembeleana. Yeye mwenyewe huzitengeneza kwa mikono kwenye banda lake. Alimtengenezea mke wake jozi, akazikataa. Walipobishana sana, binti yangu akafoka kwamba yeye hawezi kukanyaga kitu asichokijua, labda angekitengeneza mama yake.

"Alisema kwa hasira tu," nikamwambia.

"Ndiyo mama. Lakini alisema."

Na kwa neno hilo moja la hasira mtu mzima akapanda ndege! Akafungua lile begi refu, akaziweka kwenye dirisha, akasogea. Mbao mbili. Zilikuwa zimekamilika karibu zote: moyo wa mti mwepesi wa kwao, nyuzi ngumu za kioo zimegandishwa juu na chini, chini kabisa kitu laini cheusi cha kuteleza, pembeni ukingo mwembamba wa chuma. Kilichobaki ni uso wa juu. Alitaka uso huo uwe wa mti wa kwetu, uliopasuliwa mwembamba kabisa, na ubandikwe kwa mkono wangu.

"Na akizikataa tena? Au zikiharibika?" nikauliza.

"Nitamrudisha kwako, mama. Nami nitakuja naye."

"Umesema."

"Nimesema."

Jirani alikuwa shahidi, ingawa hakuna aliyemwita.

Nilizichukua zile mbao kwa dharau kidogo, nasema kweli. Nikaweka moja sakafuni nikaibonyeza katikati. Ikashuka chini taratibu. Nikaachia, ikapanda. Nikabonyeza tena. Jamani! Nimeshika mbao tangu usichana wangu, najua ubao ukipinda umepinda, sasa huu unapinda na kujirudi kama kifua cha mtu aliyelala. Nikaziweka mbili nyayo kwa nyayo, zikagusana mbele na nyuma tu, katikati pakabaki uwazi. Mkwe akaeleza kutoka nje kwamba uwazi ule ndio roho ya ski. Mtu akisimama, uzito wake unalaza katikati, akihama mguu, ubao unamsukuma aende. Katikati, alisema, pasiwe na kosa. Nilibaki nimechuchumaa pale nikibonyeza na kuachia mpaka jirani akaniuliza kama nimepata mtoto mwingine.

Juu ya boriti za karakana nilikuwa na ubao wa mninga uliokuja na lori kutoka Itigi miaka mingi iliyopita. Mpana, mzito, na mkorofi. Mistari yake haikutulia hata kidogo, inapanda, inapinda, inazunguka kifundo, inarudi ilikotoka. Ukiupitishia randa unanyofoka. Wateja wanataka mbao zilizonyooka kwa hiyo ule ulikaa juu ukila vumbi, na mimi nikiutukana kila nikihitaji nafasi. Mkwe alichungulia dirishani, akaangalia juu, akasema, "Mama, ule."

"Ule hauna adabu."

"Huo huo."

Tuliupeleka kwa mwenye msumeno wa mkanda, akaupasua vipande vyembamba huku akituuliza kama tuna akili timamu. Vingi vilipasuka. Vilivyopona nikavilaza kwenye benchi nikavichonga kwa randa niliyoinoa mpaka inanyoa nywele za mkono, kwa upande, kwa subira, halafu msasa, halafu msasa laini zaidi. Mafundi samani wa mjini wanaiita vinia. Mimi niliiita ngozi. Zilibaki tatu nzima.

Niliinua ya kwanza kuelekea mlangoni ili nione kama unene uko sawa, na jua likapita ndani yake.

Sijui niwaambieje. Mninga, mti ninaoujua kwa uzito na kwa harufu, mti niliopigia misumari maisha yangu yote, uliwaka mkononi mwangu. Ile mistari iliyonikera miaka yote ilikuwa mito ya dhahabu, na kile kifundo kilichoninyofolea randa kilikuwa jicho jekundu linaloniangalia. Na ngozi ya pili, iliyokuwa chini ya ile ya kwanza kwenye ubao, ilikuwa na jicho lile lile, limesogea kidogo tu. Nikazifungua mbili kama kurasa za kitabu, kila mstari wa kushoto ukakutana na ndugu yake wa kulia. Nikamwita Mungu kwa sauti. Nilikuwa nimekaa chini ya kitu hiki miaka yote nikikitukana.

Jirani akaja na unga mikononi, akatazama. "Mh! Hata chapati ya maji ni nene kuliko hiyo," akasema, lakini hakuondoka haraka.

Kubandika kulikuwa na namna yake. Gundi ni ya chupa mbili zinazochanganywa, na ikishachanganywa haibembelezwi. Mkwe alisema kwao inampa mtu nafasi ya kutosha. Kwetu, alipoijaribu kidogo mchana, ilichemka kwenye kopo mpaka ikatoa moshi. Tukakubaliana kufanya asubuhi mapema. Kwa kubana, jeki zangu za chuma zisingefaa, zinabana hapa zinaacha pale, na ile ski imepinda. Nikamwambia mimi viti vya duara huwa navifunga kwa mipira ya ndani ya baiskeli, iliyochanwa kama mikanda, unavuta na kuzungusha, unavuta na kuzungusha. Alifurahi kama mtoto. Mpira unabana kila mahali sawasawa, alisema, hata kiwandani wangetamani.

Basi tukaanza na ski ya kwanza. Yeye mbele kwenye ncha, mimi nyuma kwenye mkia, kila mtu anavuta mpira wake kuelekea katikati. Kazi nzuri, mikono inakwenda. Tulipokaribiana nikapunguza mwendo. Naye akapunguza. Nikasimama. Naye akasimama. Kati ya mpira wangu na wake palibaki nafasi ya kiganja kimoja. Nikafunga fundo langu, akafunga la kwake, tukarudi nyuma, kila mmoja akitazama kando. Mimi nilijua mipira imebana vya kutosha. Yeye, nadhani, alijua heshima imetunzwa.

Kesho yake tukafungua. Kwa macho ilikuwa nzuri. Nikapiga kwa kucha toka nyuma kwenda mbele, ko, ko, ko, na nilipofika katikati ikalia kama debe tupu. Pale pale tulipoachiana nafasi kwa adabu, ngozi ilikuwa imevimba, haikushika. Pale anaposimama mtu. Nikarudia kupiga kama vile itabadilika.

Mkwe alisikia. Alikaa kwenye kigoda chake akainamisha kichwa. Ngozi zilikuwa zimebaki mbili, yaani zinatosha kwa jozi, lakini bila nafasi ya kosa lingine, na siku zake za likizo zilikuwa zinaisha. Hata mikono ya kuazima haikuwepo. Mafundi wengine wa mtaani walikuwa wamekwenda Ihanja kuezeka. Jirani alijitolea, nikamwonyesha mikono yake inavyong'aa mafuta ya kupikia, na gundi na mafuta havikai nyumba moja.

"Basi, mama," mkwe akasema. "Katikati pale panataka mikono minne kwa pamoja. Mke wangu alinionya nisikuvunjie heshima, na siwezi kukuomba jambo hilo. Nimeshindwa. Nitamrudisha kama tulivyosema."

Hivyo ndivyo nilivyompata tena mwanangu. Bila kusema uongo, bila kuharibu kazi kwa makusudi, kwa adabu tupu! Niliingia ndani nikamimina chai. Nilifurahi, nakwambia nilifurahi kweli, nikawaza nitakavyompokea stendi, nikawaza sauti yake asubuhi uani. Nilifurahi kwa muda wa kikombe kimoja.

Halafu nikamwona akilini anavyoshuka basini. Mkono uliopona, macho chini, mume nyuma yake aliyeacha kwao. Watu wanamuuliza, vipi huko? Naye anajibu kulikuwa na baridi. Mwanangu aliyewahi kupanda mawe yote ya mji huu akiwa na magoti yenye damu, anarudi kwa sababu aliogopa kukanyaga chini. Nilimtaka arudi. Mungu anajua nilivyomtaka. Lakini nilimtaka arudi akitembea, siyo akikimbia. Na pale kwenye benchi zilikuwa zimelala ngozi mbili zenye jicho, na mkono wangu haukukubali kuziacha.

Nikatoka nje. "Mkwe, lete mipira kesho alfajiri."

"Mama, lakini..."

"Nimesema lete."

Jirani akaacha kusukuma chapati. "Fundi, si wanasema mkwe huufungua mwiko wa mama mkwe kwa kutoa mbuzi kwanza?"

"Gundi haingoji mbuzi," nikamjibu.

"Haya. Kidole kimoja hakivunji chawa," akasema, safari hii bila kucheka.

Mchana wote nilibandua ile ngozi iliyoharibika, nikaisugua ski mpaka ikawa safi. Alfajiri tukachanganya gundi. Tulipaka, tukalaza ngozi, nikaipangusa kwa kiganja kutoka katikati kwenda nje kama ninavyotandika shuka. Tukaanza kuvuta mipira, yeye kwenye ncha, mimi kwenye mkia. Mnaweza kucheka, mwanamke wa umri wangu, mjane, aliyepigilia misumari majeneza ya watu aliowajua, naogopa kwa sababu mkono wa mwanaume unanikaribia. Lakini mila ukiwa umeivaa tangu utotoni haivuliwi kama koti.

Tulikutana katikati. Mpira wake ulipanda juu ya wangu, nami nikapanda juu ya wake, na ili fundo lishike ilibidi mmoja abonyeze na mwingine avute. Alibonyeza. Mkono wake ukalala juu ya wangu. Ulikuwa mkavu, na una sugu pale pale nilipo na sugu mimi, chini ya kidole cha shahada, sugu ya randa. Mkono wa fundi. Nilivuta kwa nguvu zangu zote, na kwa mara ya kwanza tangu aje nikamtazama usoni. Alikuwa analia, jamani, huku anabonyeza. Nikamwambia, "Kaza, usilegeze." Tukafanya ski ya pili vile vile.

Tulipofungua, sikupiga kwa kucha mara moja. Niliogopa. Nikapiga toka nyuma, ko, ko, nikafika katikati, ko. Nikaendelea mpaka ncha. Sauti moja. Tukakata kingo, tukasugua, mkwe akaniwekea kopo la mafuta ya mbao kwenye benchi, akasogea kama zamani, nami nikachovya kitambaa nikapitisha. Rangi ikapanda kutoka ndani ya mti kama damu inavyorudi usoni mwa mtu. Ski mbili zikalala sambamba, mistari ya moja inakimbilia ya nyingine, na lile jicho jekundu likafunguka pande zote mbili, kushoto na kulia. Nimewahi kuona vitu vizuri. Nimeona ndege wakifunika Ziwa Singidani asubuhi. Lakini hiki kilitoka kwenye ubao mkorofi, kikapita mikononi mwangu, na nilijisikia mdogo sana mbele yake. Jirani alinawa mikono kwa sabuni, mara mbili, kabla ya kuomba kugusa. Akagusa. "Na mtu atazikanyaga hizi?" akanong'ona.

Mkwe akaondoka nazo. Miezi ikapita, alizeti ikavunwa, mvua ikaanza kwetu, na kwao ikaanza theluji. Siku moja alasiri simu ikalia, ya picha. Nikaisimamisha kwenye benchi, nikaiegemeza kwenye kopo la misumari.

Mkwe ndiye aliyeshika simu upande wa pili. Kweupe kote, kama mtu amemwaga unga wa sembe nchi nzima. Katikati ya weupe huo amesimama mwanangu, koti la buluu, fimbo mbili mikononi, na miguuni mwake mninga wa Itigi, mwekundu, unang'aa. Hakuniangalia. Alikuwa anaangalia chini, kwenye miguu yake. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka nikadhani simu imeganda. Halafu akahamisha uzito mguu mmoja, na ubao ukamsukuma. Nilikijua kile kitendo. Nilikibonyeza sakafuni kwa mikono yangu. Akahamisha mwingine. Akaenda, kwanza kama mtoto anayejifunza kusimama, halafu kama mtu, halafu kama kitu nisichokijua, bila sauti, bila kuinua mguu, mwanangu anapita juu ya ardhi ile aliyoiogopa kama vile hana uzito juu yake. Akawa mdogo. Akapita nyuma ya miti, akapotea.

Nikaisogelea simu. Nilimtaka atokee, na wakati huo huo nilitaka aende, aende tu.

Alirudi kwa upande mwingine, mashavu yamevimba kwa baridi, anacheka, kifuani amebana mkate. Alikuwa amefika kwa jirani yake, wa kule, mama mzee, akapewa mkate wa moto. Aliongea Kinyaturu chetu, haraka haraka, kama alivyokuwa akiongea akirudi kutoka kwenye mawe. Alisema amefika mwenyewe. Alisema kesho ataenda mbali zaidi. Alisema jicho la mti linamwangalia anapoteremka na haogopi.

Nilimsikiliza mpaka akaishiwa pumzi. Kisha nikamwambia kwamba chumba chake nimekipaka rangi.

"Asante, mama," akasema. "Mwakani Mungu akipenda, tutakuja kukusalimia."

Kunisalimia, kama mgeni. Alilisema kwa upendo wote, wala hakujua alichosema. Nikaangalia vumbi la mbao kwenye mikono yangu.

"Karibuni," nikamwambia. "Karibuni sana." Tangu nimzae mtoto yule, sikuwahi kumwambia neno hilo.